Mdudu Yuko Wapi, na Wewe Uko Wapi? Hotuba kwa Wapiga Picha wa Wadudu, Muheza

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi mjini Muheza, mbele ya wapiga picha, walimu na vijana waliokuja kujifunza kupiga picha za wadudu. Wengi walikwama njiani kwa sababu ya mvua, wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi, ndugu zangu?

Itifaki imezingatiwa. Shikamooni wazee wetu mliotangulia kukaa hapa mbele. Nanyi vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni, viti vipo.

Nianze na swali. Wangapi humu ndani wana kamera? Nyoosheni mikono. Asanteni. Wangapi mmewahi kumwona mdudu mzuri, mkapiga picha, mkafika nyumbani mkaifungua na kukuta majani yametoka vizuri lakini mdudu ni nukta? Naona mikono ni ile ile. Basi hilo ndilo lililotuleta hapa.

Kila wiki naulizwa: "Kaka, ninunue lenzi gani ya makro?" Yaani lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Na kila wiki najibu kwa swali: mdudu yuko wapi, na wewe uko wapi? Wengine hudhani nawakwepa. Siwakwepi. Ukishajua mdudu wako anakaa wapi na anakuruhusu umsogelee mpaka wapi, jina la lenzi linakuja lenyewe. Usipojua, utanunua kwa maandishi yaliyo kwenye boksi, na maandishi ya boksi yamewatia watu wengi hasara.

Yalinitia hasara hata mimi. Nilipiga harusi msimu mzima, nikadunduliza, nikanunua lenzi ya zumu ambayo ubavuni imeandikwa MACRO kwa herufi za dhahabu. Muuzaji akaniambia hiyo inapiga mpaka jicho la sisimizi. Nikaenda nayo moja kwa moja chini ya mwembe wa nyumbani, kwenye kiota cha maji moto. Nyote mnawafahamu maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Mmewahi kuwatazama wanavyoshona? Mmoja anavuta ukingo wa jani hili, mwingine anavuta ukingo wa jani lile, wanashikana kiunoni kama watu wanaovuta jahazi. Halafu anakuja mwenzao amembeba buu mdomoni, anamgusisha upande huu, anamgusisha upande wa pili, na yule buu anatoa uzi wa hariri. Mtoto wao ndiye sindano na ndiye uzi. Mimi nilitaka uzi ule uonekane.

Nilipofungua picha, buu hakuwepo. Uzi haukuwepo. Sisimizi mwenyewe alikuwa kama punje ya ulezi.

Siku ile nilichukua rula ya mdogo wangu aliyekuwa darasa la nne. Nikailaza mezani, nikasogea mpaka lenzi ikakataa kushika fokasi, nikarudi hatua ndogo, nikapiga. Picha ikaonyesha milimita karibu 90 kutoka ukingo hadi ukingo. Kihisi cha kamera yangu, kile kistatili cha ndani kinachopokea picha, kilikuwa na upana wa milimita 22. Gawa 90 kwa 22. Unapata nne na ushei. Kwa hiyo lenzi yangu ya dhahabu ilikuwa inafika 1:4 tu. Maji moto mwenye urefu wa milimita 8 alikuwa anaingia kwenye kihisi akiwa na milimita 2.

Lenzi ya makro ya kweli inafika 1:1. Maana yake mdudu wa milimita 8 anatua kwenye kihisi akiwa na milimita 8 zile zile. Basi nawaombeni mwende dukani na rula. Nendeni na rula ya mtoto wa shule. Kama kamera yako ni ya fremu kamili, ambayo kihisi chake kina upana wa milimita 36, rula ionyeshe milimita 36. Kama kihisi chako ni kile kidogo, ionyeshe 22 hadi 24. Ikionyesha zaidi ya hapo, hiyo lenzi haifiki 1:1, hata ingeandikwa nini ubavuni. Na wanaonunua za mtumba wasikie hili: Nikon wao huandika "Micro" badala ya "Macro", ni kitu kile kile. Tena lenzi nyingi za zamani, nzuri kabisa, kama Tamron ya milimita 90 ya kwanza, yenye tundu la mwanga la f/2.5, iliyotoka 1979, zinaishia 1:2. Si mbovu. Lakini ujue unalipia nini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenileta.

Lenzi yangu ya kwanza ya makro ya kweli ilikuwa ya milimita 60. Milimita hizo si urefu wa chombo, ni namba iliyoandikwa kwenye lenzi: ikiwa kubwa, lenzi inavuta vya mbali zaidi. Ilikuwa nyepesi, gramu 335 tu, inakata kama wembe, na kwenye rula ilifika 1:1 bila ubishi. Nikapanda nayo msitu wa Amani, nikashuka mto Sigi. Juu ya jiwe katikati ya maji alikuwa ametua kerengende mwekundu. Nikavua viatu, nikaingia mtoni mdogomdogo. Nikiwa kama hatua mbili, yupo. Hatua moja, yupo. Nikainama, nikasogeza kamera. Akaruka.

Nikasubiri. Kerengende ana tabia ya kurudi kwenye kituo chake, na huyu alirudi jiwe lile lile. Nikasogea, akaruka. Akarudi, nikasogea, akaruka. Mara ya tano nikaacha kupiga, nikabaki kumtazama. Nikagundua kwamba kila mara alikuwa anaruka nikifika pale pale. Si mbele zaidi, si nyuma zaidi. Kerengende wa aina kubwa, kila jicho lake limeundwa na vijicho vinavyofika karibu 30,000, na karibu kila upande anauona. Alikuwa ameniwekea mpaka. Lenzi yangu ndiyo iliyokuwa inanilazimisha kuuvuka, kwa sababu milimita 60 ikifika 1:1, mdomo wa lenzi unabaki sentimita 9 au 10 tu kutoka kwa mdudu. Upana wa kiganja changu! Nani kati yenu angevumilia jitu limsogezee bomba usoni kwa umbali wa kiganja?

Mdudu yuko wapi, na wewe uko wapi?

Hapa pana mtego, na naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hata wapiga picha wazoefu hunaswa. Soma karatasi ya lenzi ya Canon ya milimita 100. Imeandikwa umbali wa chini ni mita 0.31. Unafurahi, unasema nitakaa sentimita 31 kutoka kwa mdudu. Hapana. Zile 31 hazipimwi kutoka mdomo wa lenzi. Zinapimwa kutoka kwenye kihisi. Chukueni kamera zenu sasa hivi, tazameni juu, karibu na pale mnapobonyeza. Mnaona kiduara kilichopitiwa na mstari katikati? Hapo ndipo vipimo vinapoanzia. Toa unene wa kamera, toa urefu wa lenzi, unabaki na sentimita kama 15. Ukivalisha ile kofia ya lenzi ya kuzuia jua, toa tena sentimita kadhaa. Lenzi ya Canon ya milimita 180 imeandikwa mita 0.48, lakini nafasi halisi inayobaki ni kama sentimita 24 au 25.

Sentimita 10, sentimita 15, sentimita 25. Zote tatu zinafika 1:1. Zote zinamkuza mdudu sawasawa. Tofauti yake ni nafasi. Unanunua nafasi, ndugu zangu. Nafasi!

Kijana mmoja ananiuliza hapa: basi si tununue zote 180? Kijana wangu, nimeibeba. Ina gramu 1,090, na ukiongeza kamera na flashi, kufika saa nne asubuhi mikono inatetemeka, na kila mtetemo mdogo, ukiwa 1:1, kwenye picha ni tetemeko la ardhi. Na bei yake si ya mchezo. Mimi nasema wazi: kama utanunua lenzi moja tu maishani, nunua kati ya milimita 90 na 105. Iwe Canon 100, Nikon 105, Tamron 90, Sigma 105, Sony 90, sigombani na mtu kwa ajili ya jina. Zile sentimita 15 zinatosha kwa nyuki aliyezama kwenye ua, zinatosha kwa mbawakavu, zinatosha kwa nyigu anayetengeneza kiota kama mwendo wako ni wa adabu. Na kwa siafu zinakusaidia hata wewe mwenyewe. Milimita 60 iwe ya vunjajungu na viwavi, viumbe wasioogopa, na ya siku ambazo unataka mdudu aonekane pamoja na shamba au msitu anamoishi. Maana lenzi fupi inaonyesha na mazingira, ndefu inakata kipande kidogo cha nyuma na kukifanya rangi tupu.

Tena si kila mdudu anataka 1:1. Huko juu, vijiji vinavyopakana na msitu wa Amani, kuna wakulima wafugaji wa vipepeo kwenye vizimba vya neti, ambao hadi 2016 walikuwa wakiuza pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya ganda lake, ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mama mmoja mfugaji alinikaribisha asubuhi ambayo pupa wake walikuwa wanapasuka. Nikasogea na milimita 100, nikaiweka 1:1, nikawa naona kipande cha bawa tu. Kipepeo alikuwa ametoka muda huo huo. Mbawa zimejikunja kama kanga iliyokamuliwa ikasahauliwa kwenye beseni. Ananing'inia, tumbo linapwita, anasukuma maji ya mwili kuingia kwenye mishipa ya mbawa, nazo zinafunguka kidogo kidogo, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Tone jekundujekundu likamdondoka mkiani. Nikazidi kusogea.

Yule mama akanigusa bega. "Mwanangu, rudi nyuma. Akianguka sasa hivi, mbawa zitakaukia kwenye mikunjo. Hataruka tena huyo."

Nikarudi hatua nzima. Lenzi nikaiweka kama 1:3. Kipepeo mzima akaingia kwenye fremu, na ukingoni kidole cha yule mama kikiwa kimeshika kijiti. Ile ndiyo picha mliyoiona pale mlangoni mlipoingia. Kipepeo mwenye upana wa sentimita 8 hawezi kuingia 1:1 kwenye kihisi chochote cha kamera zetu. Namba kubwa ya ukuzaji haikunisaidia. Lililonisaidia ni kwamba ile lenzi ilinikubalia kurudi nyuma.

Sasa kuna wanaonionyesha simu wanasema: mbona kuna picha za nzi uso wote umekolea, umetoka wazi bila ukungu, kila unywele unaonekana? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyingi ya picha zile ni picha kumi, thelathini, wakati mwingine mia, kila moja fokasi imesogezwa unywele mmoja, kisha programu ya kompyuta imeziunganisha. Kwa nini? Kwa sababu kwenye 1:1 sehemu iliyokolea ni nyembamba kuliko mnavyodhani. Kwa kamera ya fremu kamili, tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa wazi kwa f/2.8, kinachokolea ni kama theluthi moja ya milimita. Ukilibana mpaka f/11, maana namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, unapata milimita moja na kidogo.

Nilipiga vunjajungu uani kwetu, kwenye mchaichai. Kwa f/2.8 nilipata jicho la kushoto, la kulia likapotea. Nikabana f/11, macho yote mawili yakatoka, lakini ile miguu ya mbele anayoikunja kama anaswali ikabaki ukungu. Mwisho nikazunguka, nikakaa ubavuni kwake, nikahakikisha mwili wake na uso wa lenzi vimekaa sambamba kama mlango na fremu yake. Akakolea kutoka kipapasio hadi ncha ya bawa. Sikubadilisha lenzi. Nilibadilisha mahali nilipokaa.

Kwa hiyo usilipie pesa ya ziada kwa sababu lenzi ina tundu pana. Ukifika 1:1, lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga kama ya f/5.6, ndivyo maumbile ya mwanga yalivyo, na hata hivyo utapiga kwa f/8 au f/11. Ukizidi f/16 picha inaanza kulainika. Mwanga utautoa wapi basi? Kwenye flashi. Na hapa tena lenzi inaingia: lenzi fupi sana inasogea mpaka kivuli chake kinamfunika mdudu, na ndefu sana inaipeleka flashi mbali, na umbali ukizidi mara mbili mwanga unabaki robo. Milimita 100 inakaa katikati. Kata dumu jeupe la maziwa, livalishe flashi, lisogeze mbele mpaka karibu na mdomo wa lenzi. Mgongo wa mbawakavu unang'aa kama kioo. Ukimpiga flashi tupu utapata doa jeupe. Ukimpiga kupitia dumu, utaona rangi zake.

Fokasi otomatiki sitaisema sana. Izimeni. Wekeni kipimo mnachotaka, kisha yumbeni taratibu mbele na nyuma kwa mwili wenu mpaka jicho likolee.

Nije kwenye pesa, maana naona nyuso. Kuna dada mmoja mwanafunzi aliniandikia mwaka jana. Ana kamera ya mkono wa pili, lenzi ya zumu ya 55-250 na lenzi ndogo ya milimita 50, basi. Anataka kupiga mbu. Mbu! Na ana sababu, kwa sababu Muheza yetu hii watafiti wa malaria wamekuwepo miaka na miaka, na yeye alitaka wadogo zake shuleni waone kwa macho yao kwamba anofelesi, mbu wa malaria, akitua huinua tumbo juu, na kyuleksi, mbu wa aina nyingine, hulala sambamba na ukuta. Mbu ana kama milimita 6. Hapo hata 1:1 ni ndogo.

Nilimpa njia tatu, nawapa na nyinyi. Ya kwanza ni pete za kurefusha, mirija mitupu isiyo na kioo inayokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni nyepesi: urefu wa pete gawa kwa zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi. Pete za milimita 50 kwenye lenzi ya 50 zinakupa 1:1. Pete zile zile kwenye lenzi ya 100 zinaongeza nusu tu. Zile za bei ya chini kabisa hazina vile vichuma vya mawasiliano, na lenzi za kisasa zikikosa vichuma huwezi kubana tundu. Ya pili ni pete ya kugeuzia lenzi kinyumenyume. Bei yake ni ndogo kuliko zote, na lenzi ya milimita 28 ikigeuzwa inapita 2:1, yaani mdudu anatua kwenye kihisi mara mbili ya ukubwa wake, lakini utakuwa sentimita 4 au 5 kutoka kwa mbu. Mdudu yuko wapi, na wewe uko wapi?

Ya tatu ni kilenzi cha kubana mbele, kama Raynox DCR-250, chenye nguvu ya ukuzaji ya diopta 8. Kinabanwa mdomoni mwa zumu uliyo nayo tayari. Ukivuta zumu mpaka 250 na kuiweka fokasi ya mbali kabisa, unafika kama 2:1, na bado uko sentimita 12 kutoka kwa mdudu. Mwenye zumu ndefu na mfuko mwembamba aanze na hiki. Ndicho alichonunua yule dada. Mbu wake wa kwanza alimpiga ukutani chumbani kwake, alfajiri, tumbo juu. Nimeiona picha ile na nimewahi kuona vipapasio vya mbu mara nyingi, lakini sikuwahi kuona mtu aliyefurahi vile.

Kuna wanaotamani Canon MP-E 65, ile inayofika 5:1. Ni chombo cha ajabu. Lakini haina fokasi ya mbali hata kidogo, na kwenye 5:1 unabaki na sentimita 4. Isiwe lenzi yako ya kwanza.

Jambo la mwisho, fupi. Kuna watu wanaweka wadudu kwenye friji ili watulie, wengine wanawapulizia dawa. Tafadhali, hapa kwetu tusifanye hivyo. Baridi tunayo ya bure. Asubuhi Amani umande umejaa, na mdudu hana joto lake mwenyewe la kumwamsha. Mpaka jua limguse, yupo tu kwenye jani, matone yamemkaa mpaka machoni. Utafika sentimita 15 na hataruka.

Kwa hiyo kesho gari linaondoka stendi saa kumi na nusu alfajiri, ili saa kumi na mbili tuwe mtoni Sigi. Njooni na sweta, kitu cha kupigia magoti, na kila mtu rula yake. Nitakuja na 60, na 100, na nimeazima 180. Mtazijaribu zote tatu kwa kerengende yule yule, na kila mtu aandike alifika umbali gani kabla hajaruka.